Ukumbi Juu ya Mfongo

Digna aliuona mnyororo kabla hajaliona tangazo. Ulikuwa umezungushwa mara mbili kwenye vishikio vya mlango mkubwa wa ukumbi wa chuo, na kufuli jipya likining'inia katikati. Nyuma yake walisimama wanawake sita wa jumuiya, wamebeba vitambaa vya meza, maua ya karatasi na ngazi waliyoiazima parokiani. Ilikuwa Alhamisi, saa mbili asubuhi. Jumamosi mdogo wake Doris alikuwa anaolewa, na sherehe ilipangwa kufanyika humo.

Tangazo lilibandikwa juu kidogo ya kitasa. Lilisema ukumbi umefungwa kwa usalama wa watumiaji hadi hapo itakapotangazwa vinginevyo. Chini palikuwa na muhuri, na chini ya muhuri jina ambalo tangu Jumapili lilikuwa halimtoki Digna moyoni: Mhandisi Gerson Bihemo.

Wanawake walisoma polepole, mmoja akisoma kwa sauti ili wenzake wasikie. Alipofika kwenye jina alinyamaza, akamtazama Digna, kisha akatazama pembeni. Kila mtu pale kijijini Masama alijua habari za wale wawili, ingawa hakuna aliyekuwa ameambiwa.

Digna aliwaomba wakae barazani wamsubiri. Alijaribu kusema kwa sauti ya kawaida, ile anayotumia kila siku kazini, kwa maana yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa ukumbi ule. Miaka mitano sasa alikuwa akipanga nani aingie lini. Jumanne ya kwanza ya mwezi, kina mama na watoto wachanga kwenye mizani ya kliniki. Jumatano kwaya. Wanafunzi walifanya humo mitihani na mahafali, lakini mwaka ule upepo ulipoezua shule ya msingi, watoto wa darasa la tatu na la nne walisomea humo muhula mzima, na wahadhiri wakahamia chini ya miti. Misiba ya siku za mvua ilikaa humo. Kibao cha nje kiliandikwa jina la chuo, lakini ukimwuliza mtu yeyote kutoka juu msituni hadi barabara ya lami, angekwambia "ukumbi wetu", na hakukosea. Chuo kilipokuja, zaidi ya miaka ishirini iliyopita, koo zilitoa ardhi, na wanakijiji wakachimba msingi kwa msaragambo, kazi ya pamoja isiyo na malipo, kila nyumba na siku yake. Aliyewasimamia ni fundi mwashi wa pale pale kijijini, Mzee Basili. Baba yake Digna.

Alimkuta Gerson ofisini kwake, kwenye jengo dogo nyuma ya maktaba. Hakuwa amenyoa. Viatu vyake vilikuwa na tope hadi kwenye kamba. Alipomwona alisimama, akasogea kama anayetaka kumshika mkono, kisha akaona uso wake na kubaki alipo.

Alimweleza haraka haraka. Nguzo ya upande wa jikoni ilikuwa na ufa. Alikuwa amebandika kipande cha kioo juu yake kwa saruji, ili ufa ukisogea kioo kivunjike. Jana jioni, baada ya mvua kubwa, alikikuta kimevunjika. Hakuweza kuwaruhusu watu mia tatu waingie chini ya paa lile.

"Ulikibandika lini?" Digna aliuliza.

Macho ya Gerson yalikwenda mezani. Digna akayafuata. Ripoti ilikuwa pale, imefungwa kwa klipu, na tarehe yake ilikuwa ya wiki mbili nyuma.

Wiki mbili. Akapiga hesabu ya siku, na kila siku aliyoihesabu ilimwuma. Ijumaa ile waliyokwenda Moshi mjini kumtazama shangazi yake aliyelazwa, wakala ndizi na nyama karibu na stendi, Gerson akamchekesha hadi machozi. Alijua. Jumatatu aliyomsaidia kupanga viti kwenye karatasi, meza ya wazazi hapa, meza ya keki pale. Alijua. Jumapili baada ya misa, waliposimama kwenye ngazi za maktaba, mlima umefunguka wote mweupe juu yao, akamwambia kwamba anaomba ruhusa ya kutuma mshenga kwa baba yake. Digna alikuwa ameomba wiki moja ya kufikiri, na siku zote nne tangu hapo alifikiria jambo moja tu: namna ya kusema ndiyo.

"Uliniomba uchumba huku unajua unakwenda kufunga mlango wa harusi ya mdogo wangu," alisema. "Nikuelewe vipi, Gerson?"

"Sikujua kama nitaufunga. Niliomba Mungu nisiufunge."

"Mimi ndiye ninayeshika funguo za ukumbi. Mimi ulitakiwa kuniambia kabla ya Mungu."

Alitoka bila kuaga. Njia nzima ya kupandia nyumbani, kati ya migomba na mibuni, hakujua anamlilia nani: Doris, au yeye mwenyewe, au yule mwanamume mwenye tope viatuni ambaye hata sasa, Mungu amsamehe, yeye Digna alitamani kurudi akamfungulie kamba za viatu na kumwambia apumzike.

Habari ilikuwa imemtangulia. Doris alikuwa chumbani, amejifunika kanga usoni, na mama yao, Bernadetha, alikaa ukingoni mwa kitanda akimpapasa mgongo. Mzee Basili alisimama uani kando ya mapipa ya mbege, pombe ya ndizi ya harusi, mikono nyuma.

Tangu mwanzo hakumtaka Gerson. Hakuwa na ubaya naye, alikuwa akisema, ila baba yake kijana alitoka Kasulu kuja kukata miwa kule tambarare, akazaa watoto kwenye nyumba za kambi, na siku aliyostaafu akakabidhi funguo za nyumba. Mtu asiye na kihamba, shamba la ukoo wake, atakuzika wapi? Hilo ndilo lilikuwa swali lake, na Digna hakuwahi kulipatia jibu.

Safari hii Mzee Basili hakupandisha sauti. Alisema kwamba ukumbi ule aliujenga kwa mikono yake. Alisema mtoto wa kambini amekuja kuwafungia nyumba waliyoijenga wao, na kwamba hilo ndilo hutokea mtu asiye na ardhi anapopewa muhuri. Kisha akanyoosha mkono.

"Kuna ufunguo wa mlango wa jikoni. Unao wewe."

Ulikuwa mfukoni mwa sketi yake. Mnyororo ulifunga mlango wa mbele tu.

"Baba, ameniambia nguzo ina ufa."

"Amekuonyesha?"

Hakuwa amemwonyesha. Na hapo ndipo Digna alipojiona kama mtu aliyesimama katikati ya mto, akiona kingo zote mbili ni mbali. Akimpa baba ufunguo, na Gerson awe amesema kweli, atakuwa amewaingiza watu wake wote chini ya kifo. Asipompa, na Gerson awe mtu wa kuficha mambo tu, kama alivyoficha lile, atakuwa amemtukana baba yake mbele ya harusi kwa ajili ya mwongo. Alitafuta moyoni mwake kama anamwamini Gerson. Alikuta anampenda. Kuamini hakukuona, na jambo hilo lilimtisha, kwa sababu siku zote alidhani ni kitu kimoja.

Akasema ufunguo ameuacha kazini. Ulikuwa uongo wake wa kwanza kwa baba yake tangu utotoni, na alipousema alishangaa jinsi ulivyotoka kirahisi.

Ijumaa asubuhi alipoamka, sketi ilikuwa imetundikwa mahali pengine na mfuko ulikuwa mtupu. Mama yake alimwambia baba ameshateremka chuoni na wajomba wawili na pipa la kwanza la mbege.

Digna alikimbia. Alipofika, alikuta watu wamesimama kimya upande wa jikoni. Gerson alikuwa mbele ya mlango, mgongo wake ukigusa mbao. Mbele yake, hatua tatu tu, Mzee Basili na ufunguo mkononi.

"Shikamoo, baba," Gerson alisema.

Mzee Basili hakuitikia. Watu waliokuwapo walitazama chini. Huko mlimani, kumnyima kijana marahaba ni zaidi ya kumpiga.

"Sitakuzuia kwa nguvu," Gerson aliendelea. Hakusogea. "Naomba uingie na mimi kwanza, sisi wawili. Utazame. Wewe ni fundi. Ukitoka ukasema watu waingie, nitaondoa mnyororo mwenyewe."

Mzee Basili aliushusha ufunguo. Labda lilikuwa lile neno fundi, ambalo hakuna aliyemwita kwa miaka mingi. Gerson akampisha, na mzee akafungua mlango. Digna akaingia nyuma yao bila kuomba ruhusa.

Ufa ulianzia sakafuni ukapanda hadi juu ya kichwa cha mtu, mwembamba chini, mpana juu. Kile kioo kilikuwa kimepasuka katikati, nusu mbili zikiachana kama midomo. Mzee Basili aliusogelea. Alipiga magoti, kwa taabu, akaweka kiganja sakafuni. Palikuwa na unyevu. Akasukuma kidole kwenye ufa, kikaingia hadi kwenye kiungo cha kwanza.

"Umeandika sababu ni nini?" aliuliza, bado amepiga magoti.

"Mvua. Maji ya paani kutuama."

"Mvua haifanyi hivi."

"Najua, baba."

Nje, mtu alikohoa. Mzee Basili aliinuka akishikilia nguzo ileile, kisha akaiachia haraka.

"Hapa palipita mfongo," alisema. "Mfereji wa wazee, wa kumwagilia vihamba vya chini. Wakati tunachimba msingi ulikuwa umeshakauka. Mradi ulikuwa na haraka, wageni walikuwa wanakuja kuweka jiwe. Nikaujaza kwa udongo na mawe siku moja, tukamwaga zege juu. Niliona hautarudi kupitisha maji. Kumbe maji yamerudi." Akamgeukia Gerson. "Ulijua."

Gerson alikubali kwa kichwa. Alisema alikuta ramani ya zamani kwenye kabati la ofisi, mfereji umechorwa kwa kalamu ya risasi, na kando yake jina la msimamizi wa ujenzi. Alipolisoma jina alikaa nalo siku nzima. Ndipo akaandika mvua.

"Kwa nini?" aliyeuliza ni Digna. Wote wawili waligeuka kama waliosahau kwamba yupo.

"Nilitaka kuingia kwenu kama mkwe," alisema Gerson. "Sikutaka kuingia kama mtu aliyemvunjia baba yako jina."

Maneno yale yalimpata Digna mahali laini kabisa, na kwa pumzi moja alimsamehe kila kitu. Kisha akili ikafika, ikiwa imechelewa kidogo nyuma ya moyo.

"Ukiandika mvua, chuo kitafanya nini?"

"Watatengeneza mifereji ya paa. Watapaka ufa saruji."

"Halafu?"

"Watafungua."

"Watafungua," alirudia Digna. "Kina mama na watoto wachanga Jumanne. Kwaya Jumatano. Na wewe ungekaa kimya?"

"Nilipanga kuandika ripoti ya pili. Ya kweli."

"Lini?"

Gerson alitazama mikono yake. "Baada ya wewe kukubali."

Digna hakujua afanye nini na jambo kama lile. Hakuna mtu aliyewahi kumpenda kiasi cha kutaka kuficha nyumba inayoanguka. Alitaka kulia na alitaka kumpiga kofi, na akaona aibu kwamba sehemu ya moyo wake, sehemu ndogo ya kijinga, ilifurahi. Akatoka nje akasimama peke yake kando ya ukuta wa maktaba, mkono mdomoni.

Kilichofuata alikiona kutoka pale. Baba yake alitoka, akawaambia wajomba warudishe pipa. Wakamwuliza kuna nini. Akawaambia mbele ya watu wote kwamba ukumbi unaanguka, na kwamba kosa ni lake, la tangu wakati wa kuchimba msingi, wala kijana huyu hana hatia. Alisema bila kupepesa macho, akiwa amevua kofia. Kisha akamwambia Gerson alete karatasi na kalamu, waende kwa mkuu wa kampasi, na ripoti iandikwe upya, na jina lake, Basili, liandikwe humo kwa herufi kubwa.

Walikaa huko karibu saa mbili nzima. Walipotoka, mkuu wa kampasi mwenyewe alikuja nao, akamkuta Digna, akamwambia wanafunzi wako likizo na bwalo la chakula lipo tupu. Halina jukwaa, na dari yake ni fupi, lakini paa lake limekaguliwa. Kama anaweza kulipanga kwa siku moja, ni lake. Digna alijibu anaweza. Ndicho kitu pekee alichokuwa na hakika nacho siku ile.

Wanawake sita wakawa ishirini. Walibeba meza, wakaosha madirisha, wakatundika vitambaa kwenye dirisha la kugawia chakula hadi likafanana na altare. Digna alifanya kazi hadi vidole vikamwuma, na kila mara alipoinua kichwa alimwona Gerson mahali fulani, juu ya ngazi, au amebeba benchi na mjomba mmoja, asithubutu kumsogelea.

Doris aliolewa Jumamosi saa nane mchana, na akasema bwalo ni zuri kuliko ukumbi, labda kwa kuwa alikuwa na furaha ya kuona kila kitu kizuri. Ngoma zilipigwa, mtori ukaliwa, watoto wakateleza sakafuni kwa soksi. Ulipofika wakati wa mbege ya wazazi, Mzee Basili alinywa kwanza kama desturi, akampa mzazi mwenzake wa upande wa bwana harusi, akarudishiwa kata ya kunywea. Watu walingoja ampe mjomba mkubwa. Badala yake alitembea hadi mwisho wa bwalo, mlangoni, ambako Gerson alikuwa amesimama na shati lake la kazi.

Gerson alimwamkia. Safari hii Mzee Basili aliitikia, marahaba mwanangu, na watu wa meza tatu za karibu wakasikia. Akampa kata.

Shangwe zilipigwa. Mama Bernadetha alipiga kigelegele, akajifuta macho. Na watu wote, kana kwamba wameambiana, waligeuka kumtazama Digna.

Alitabasamu kwa sababu ilibidi. Ndani yake kila kitu kilikuwa kimevurugika. Miezi yote ile, baba aliposema hapana, yeye alikuwa na hakika kwamba anasema ndiyo. Ilikuwa rahisi kumpenda Gerson ukiwa umeegemea ukuta wa kukataliwa. Sasa ukuta ule umeondolewa mbele ya wageni mia tatu, na amebaki amesimama kwa miguu yake mwenyewe, hajui kama itambeba. Alichukua sinia tupu, akatoka nalo kwa mlango wa nyuma kama mtu mwenye kazi.

Gerson alimkuta kwenye kibaraza cha nyuma, palipopangwa viti vya ziada. Jua lilikuwa bado juu. Hakukaa. Alisema anajua hastahili jibu leo, na kwamba alitaka tu kumwambia ripoti ya kweli imeshapelekwa, na Jumatatu wataanza kuchimba kuufungua mfongo, na Mzee Basili ameomba awepo.

"Baba amekusamehe lililo lake," alisema Digna. "La kwangu bado."

"Najua."

"Hujui. Mimi mwenyewe silijui." Aliliweka sinia chini. "Ninakasirika ukiwa karibu, ukiondoka nakutafuta kwa macho. Nikikumbuka ulichofanya nasema huyu ananipenda. Nikikikumbuka tena nasema huyu atanificha kila kitu maisha yangu yote, na kila mara ataniambia ni kwa upendo. Nifanye nini na mtu kama huyo?"

Digna akamtazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, na akauliza lile alilotakiwa kuuliza tangu mwanzo.

"Kuna kingine unachonificha?"

Alimwona akifikiri. Aliona jinsi jibu rahisi lilivyomjia, jinsi lilivyofika hadi kwenye midomo yake, dogo, tamu, lisiloumiza mtu. Ndani, ngoma zilibadilika, watu wakacheka.

"Kipo," alisema Gerson. "Nimepata kazi Dodoma. Barua ninayo tangu mwezi uliopita. Wanataka nianze Januari. Sikukwambia kwa sababu niliogopa ungesema hapana kabla sijakuuliza."

Iliuma. Iliuma zaidi ya ukumbi, zaidi ya tarehe ile juu ya ripoti, na machozi aliyoyazuia tangu Alhamisi yakamtoka bila kizuizi. Gerson alisimama pale pale, mikono pembeni, akimwangalia akilia. Hakujaribu kuyarudisha maneno wala kuyalainisha. Alikuwa amesema kweli, ikamgharimu, na bado hakukimbia.

Digna alijifuta uso kwa upindo wa kanga. Hakujua kama atakwenda Dodoma. Hakujua kama ataolewa. Alivuta kiti kimoja, akakaa, akasukuma kingine kwa mguu hadi kikamgusa Gerson gotini.

"Kaa," alisema. "Anza mwanzo. Na safari hii usinionee huruma."